Nairobi: Idara Iliyozaliwa Baada ya Vibanda Kubomolewa

Katika historia ya miji ya Afrika Mashariki mara nyingi askari alifika kwenye mitaa ya vibanda kabla ya mpimaji wa viwanja. Jiji la Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya, ni mfano ulio wazi. Jiji hilo lilivunja vibanda kwa miaka mingi, na ilipofika mwaka 1975 ndipo lilipounda idara maalumu ya kuwapatia wananchi wa kipato kidogo mahali halali pa kujenga.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga eneo la Pumwani kwa ajili ya Waafrika. Viwanja vilipangwa kwa mistari, vyoo vya pamoja vikajengwa, na kila aliyepewa kiwanja akajijengea nyumba ya miti na udongo. Lakini wakoloni hawakuamini kwamba Mwafrika angeweza kuwa mkaaji wa kudumu wa mjini. Kijiji cha zamani cha Pangani kilivunjwa mwaka 1939, na wengi wa wakazi wake wakapelekwa Shauri Moyo. Mwaka 1953 iliundwa Bodi Kuu ya Nyumba. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Uingereza na polisi waliuzingira mji wote katika msako mkubwa dhidi ya Mau Mau, na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Yaani mkono mmoja ulijenga nyumba chache, na mwingine ukawaondoa wakazi kwa mtutu wa bunduki.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 vizuizi vya kuingia mjini viliondoka. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu 509,286 katika Nairobi. Ile ya mwaka 1979 ilihesabu 827,775. Bodi ya zamani ilikuwa imegeuzwa Shirika la Taifa la Nyumba mwaka 1967, na nyumba zilizojengwa zilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa bei. Mfagiaji wa barabara, mchukuzi wa mizigo, mama muuza mboga, wote walizitazama kwa nje tu.

Mwaka 1970 Baraza la Jiji liliendesha kampeni ya kubomoa. Maelfu ya vibanda yalivunjwa na kuchomwa, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila paa. Haukupita muda mrefu vibanda vikachipuka upya, kwa kuwa aliyevunjiwa alikuwa na kazi yake mjini na hakuwa na shamba la kurudia. Askari aliyetumwa kuvunja alikuta mahali pale pale pamejengwa tena, na kazi yake yote imekuwa ya bure.

Ndipo yalipofanyika mapatano ya mwaka 1975 kati ya Kenya na Benki ya Dunia, ya kupima viwanja 6,000 huko Dandora, mashariki ya jiji. (Tanzania ilikuwa imeingia mpango wa namna hiyo mwaka 1974, na Sinza na Kijitonyama za Dar es Salaam ni matunda yake.) Fedha hizo zilikuja na sharti: kazi isipitie njia za kawaida za Baraza, ambako kila faili lilisubiri zamu kwa mhandisi, kisha kwa mweka hazina, kisha kwa afisa wa afya. Idara mpya ikaundwa ndani ya Baraza, yenye wahandisi, wahasibu na maofisa wa maendeleo ya jamii wake yenyewe. Baadaye ilijulikana kama Idara ya Maendeleo ya Nyumba.

Upinzani mkubwa kwa idara hiyo ulitoka nyumbani. Wapo maofisa na madiwani walioona kwamba kumpa mtu choo, bafu na bomba la maji, kisha kumwachia ajenge vyumba mwenyewe kidogo kidogo, ni kujenga mtaa wa vibanda kwa idhini ya serikali. Walishikilia sheria ndogo za ujenzi zilizorithiwa kutoka Uingereza. Ubishi huo ulichelewesha kazi, ingawa kila mwezi uliopita uliongeza vibanda vile vile ambavyo sheria hizo zilivikataza.

Viwanja vilikuwa vya mita za mraba 100 hadi 160. Mwombaji alitakiwa kuwa na pato la familia la kati ya shilingi 280 na 650 za Kenya kwa mwezi, awe amekaa Nairobi miaka miwili, na asiwe na nyumba nyingine jijini. Waombaji walikuwa wengi kupita viwanja, ikabidi kura ipigwe. Maofisa wa jamii waliwasaidia waliopata kuunda vikundi. Kila mwanakikundi alitoa fedha, wakajenga vyumba vya mmoja, kisha vya mwingine. Wanawake waliokuwa wakilea watoto peke yao walikuwa wengi miongoni mwao. Na askari yeyote aliyepata kufanya doria usiku anajua tofauti ya mtaa wenye njia zilizopimwa na mtaa ambao hata gari la zimamoto haliwezi kuingia.

Walalamikaji walisema wenye viwanja walipangisha vyumba, na wengine wakaviachia viwanja kwa wenye fedha. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kwa wengi kodi ya mpangaji ndiyo iliyolipa deni la kiwanja. Bila hiyo wangenyang'anywa. Kosa kubwa zaidi lilikuwa uchache wa viwanja mbele ya umati. Mpango wa pili ulianza mwaka 1978 na kuingiza Mombasa na Kisumu, lakini haukuifikia haja. Mwaka 1983 Baraza la Jiji lenyewe lilivunjwa na tume ikawekwa mahali pake.

Mwezi Mei 1990, alfajiri, askari wa jiji na polisi waliingia Muoroto, mtaa wa vibanda karibu na kituo cha mabasi, wakaanza kubomoa. Wakazi walipambana nao kwa mawe. Huko Dandora, vyumba vilivyoanza na choo na bomba moja vilikuwa vimesimama, vimejaa wapangaji.