Jieziyuan Huazhuan

Jieziyuan Huazhuan ni kitabu cha Kichina cha kufundishia uchoraji. Sehemu yake ya kwanza, inayohusu mandhari, ilichapishwa mwaka 1679. Jina lake linatokana na makazi ya mwandishi Li Yu mjini Nanjing. Mkusanyaji, Wang Gai, alipanua michoro ya mafunzo ya Li Liufang, mchoraji wa enzi ya Ming. Sehemu zilizofuata, za mianzi, maua, ndege na wadudu, zilitoka mwaka 1701.

Kabla yake, kazi nyingi za mabingwa wa kale zilifungiwa katika hazina za matajiri. Kitabu hiki, kilichopigwa chapa kwa vibao vya mbao, kiliuchambua mlima, jiwe na jani mpigo kwa mpigo wa brashi. Wapo walioona kwamba kilizaa waigaji tu, lakini lawama hiyo haimgusi mchoraji Qi Baishi (1864–1957). Alipokuwa seremala kijana huko Hunan aliazima nakala, akainakili ukurasa baada ya ukurasa. Baadaye kamba wake wa wino wakawa mashuhuri duniani. Nchini Japani, kilichangia kukuza mtindo wa uchoraji wa Nanga, ambao Ike no Taiga na Yosa Buson ni vinara wake.