Torpido za Forester na Vita vya Ziwa Tanganyika

Mwandishi Mwingereza C. S. Forester aliandika sana juu ya maofisa wa majini. Riwaya yake ya mwaka 1955, The Good Shepherd, inamfuata kamanda Krause akiulinda msafara wa meli dhidi ya nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki, usiku na mchana, bila usingizi. Ni wachache walioeleza upweke wa mwenye amri kwa undani kiasi hicho. Lakini miaka 20 kabla yake, katika The African Queen, torpido zilikuwa mikononi mwa fundi wa mashua, aliyezitengeneza kwa mitungi ya gesi ili kuzamisha manowari katika ziwa lenye kila dalili ya kuwa Tanganyika.

Vita vya kweli vya ziwa hili havikuwa na torpido wala nyambizi. Agosti 1914, meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na Wajerumani wakalitawala ziwa. Karema, kituo cha ufukweni, ilikuwa upande wao. Ngome yake ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na ni Storms, mkuu wa Karema, aliyevuka ziwa kwenda kuanzisha kituo cha Mpala mwaka 1883. Miaka miwili baadaye vituo vyote viwili vilikabidhiwa Mapadre Weupe. Sasa, wakati wa vita, kati ya vituo hivyo ndugu zilipita manowari.

Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Kutoka Cape Town zilikwenda kwa reli hadi Fungurume, kisha zikakokotwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe. Waafrika ndio waliofyeka njia na kujenga madaraja. Maji ya boila yalipoadimika, wanawake wa vijijini walitwishwa vyungu. Desemba 26, 1915, meli ya Wajerumani Kingani ilitekwa. Februari 9, 1916, Hedwig ikazama. Graf von Götzen, kubwa kuliko zote, haikushindwa na yeyote: Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi, wakitumaini kurudi.

Katika riwaya, torpido hazimfikii adui; mashua inazama katika dhoruba kabla ya shambulio. Filamu ya 1951 ndiyo iliyozipa ushindi. Hata hivyo, ninavutiwa zaidi na kurasa za mwanzo za riwaya, pale Wajerumani wanapoisomba misheni nzima, watu na mifugo, kwa ajili ya jeshi. Kisa kinabaki na Waingereza wawili. Waliochukuliwa hatuwaoni tena. Forester alijua kumfuata ofisa hadi ndani ya hofu yake, lakini hakumfuata hata hatua moja mpagazi aliyesombwa.

Götzen iliibuliwa mwaka 1924, na kuanzia 1927, kwa jina la Liemba, ikabeba abiria, dagaa na mahindi, Karema ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Mwandishi wa Kiswahili atakayeitaka riwaya ya manowari za ziwa hili ana mahali pa kuanzia: kwa mtu aliyesombwa katika kurasa zile, na safari yake hadi ufukweni.