Spiriti Majumbani na Viwandani: Matumizi, Hatari na Hukumu Yake

 

Tunaulizwa na wazazi: mtoto akipanguswa spiriti kabla ya sindano, je, ataswali na nguo ile ile? Na vipi marashi ya kupuliza na kitakasa mikono? Kabla ya hukumu, tukijue kwanza kitu chenyewe.

Ethanoli ni nini?
Ni kimiminika kisicho na rangi na kinachoshika moto upesi. Ndicho kinacholevya ndani ya pombe. Hupatikana kwa kuchachusha sukari au nafaka kwa hamira, kisha kuchemsha na kuupoza mvuke wake. Ethanoli huchemka kwenye nyuzijoto 78, kabla ya maji. Viwandani hutengenezwa pia kutokana na ethilini, gesi itokanayo na mafuta ya petroli, pasi na zabibu wala tende kuhusika.

Matumizi yake
1. *Kuua vijidudu.* Spiriti ya asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko ethanoli tupu, kwa sababu maji husaidia kazi hiyo. Kitakasa mikono cha Shirika la Afya Duniani kina ethanoli asilimia 80.
2. *Kuyeyusha.* Huyeyusha mafuta ya manukato, vanishi, wino na baadhi ya dawa, vitu ambavyo maji peke yake hayaviwezi. Kisha hukauka na kuacha kilichokusudiwa.
3. *Kuendesha magari.* Brazil, tangu mpango wake wa mwaka 1975, huchanganya petroli na ethanoli ya miwa.

Tahadhari
Spiriti ya kuwashia na ya viwandani aghalabu hutiwa sumu makusudi ili isinyweke. Mojawapo ni methanoli, ambayo kiasi kidogo tu hupofusha macho na hata kuua. Aliyeinywa akimbizwe hospitali, hata kama anaonekana mzima, kwani dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Chupa ziwekwe mbali na watoto na jiko, wala spiriti isihamishiwe kwenye chupa ya soda au maji.

Hukumu
Kunywa kileo ni haramu, kingi au kichache, na hapana khilafu kuwa pombe imekatazwa (Suratul-Maaidah: 90). Ama unajisi wake, jumhuri ya 'Ulamaa, na ndiyo kauli ya madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy yanayofuatwa visiwani kwetu, wamesema ni najisi. Rabiy'ah na Al-Muzaniy, mwanafunzi wa Ash-Shaafi'iy, wamesema si najisi.

Kuhusu spiriti, Baraza la Fiqhi la Rabitwah, Makkah, katika kikao cha 16 mwaka 2002, liliruhusu kuitumia nje ya mwili kusafishia vidonda na kuulia vijidudu, na katika krimu za kupaka.

Kwa hiyo tunawanasihi: msikatae spiriti hospitalini wala msiache kutakasa mikono mnapomhudumia mgonjwa. Anayetaka kujitoa katika khilafu aoshe mahali hapo kwa maji kabla ya Swalaah, na katika manukato achague ya mafuta au udi. Wala asimtie mwenzake dhambini kwa jambo ambalo 'Ulamaa wamekhitilafiana.

Na Allaah Anajua zaidi.