Mikopo ya mtandaoni: Kwa nini bosi wako anapigiwa simu kuhusu deni lako

Mtu anakopa Sh30,000 usiku kupitia simu, mtoto anaumwa na duka la dawa halikopeshi. Siku ya kulipa inampita. Kesho yake meseji inaingia kwa bosi, kwa mama mkwe na kwa fundi aliyemtengenezea kabati miaka mitatu iliyopita: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Wengine huongezewa na picha yao kabisa.

Hapo hakuna aliyedukua simu. Ruhusa ilitoka kwa mkopaji mwenyewe.

Programu nyingi za aina hii, ambazo mtaani mikopo yake inaitwa "kausha damu", zikishapakuliwa huomba kusoma meseji, picha na orodha ya namba. Meseji za miamala zinaonyesha hela inaingia lini na inaisha lini, hivyo mfumo unakadiria kama utalipa. Orodha ya namba ina kazi nyingine: ndiyo dhamana. Na mwenye shida saa tano usiku hasomi masharti, anabonyeza tu "kubali" mpaka hela iingie.

Anayesahaulika ni yule fundi. Hakukopa, hakukubali chochote, lakini namba yake iko kwa kampuni asiyoijua.

Kenya ilianza kubana mapema. Ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni za Machi 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu na kuwakataza kutisha wateja au kuwasumbua watu walio kwenye simu zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Google nayo, tangu Mei 31, 2023, inazuia programu za mikopo zilizoko Play Store kugusa namba na picha za mteja. Shida ni zile zinazotumwa kwa linki ya WhatsApp. Hizo hazipiti Play Store, kwa hiyo zuio hilo haziligusi.

Wengi wakianza kutishwa hufuta programu. Haisaidii sana, maana namba zikishachukuliwa ziko kwenye seva ya mkopeshaji, si kwenye simu yako. Bora kuangalia kwanza jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, na kukataa ruhusa ya namba na picha. Mkopo ukigoma kutoka kwa sababu hiyo, ujue walichokuwa wanakitaka.

Kama meseji zimeshatumwa, piga skrinishoti, waombe waliotumiwa wasizifute, kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au kwa Kamishna wa Data ukiwa Kenya. Fundi naye anaweza kulalamika kwa jina lake. Deni lenyewe halifutiki kwa malalamiko.