Msitu wa Kirindy

Kirindy ni msitu mkavu wa asili ulioko Menabe, magharibi mwa Madagaska, takriban kilomita 60 kaskazini-mashariki ya mji wa Morondava, nao ni tofauti na Hifadhi ya Taifa ya Kirindy Mitea iliyoko kusini mwa mji huo. Msitu huitwa mkavu pale miti yake mingi inapopukutisha majani wakati wa kiangazi ili isipoteze maji. Kirindy hupata mvua ya milimita 800 hivi kwa mwaka, ambayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Machi.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 eneo hili lilikuwa chini ya mradi wa misitu uliosaidiwa na Uswisi, uliojaribu uvunaji wa kuchagua, yaani kukata miti michache iliyokomaa na kuiacha mingine ikue. Njia zilizofyekwa kwa ajili ya mbao ndizo zilizorahisisha kazi ya watafiti, hasa wa kituo cha Kijerumani cha Deutsches Primatenzentrum walioweka kambi hapo mwaka 1993, na ndizo wanazozipita wageni leo. Msitu sasa umo ndani ya eneo la hifadhi la Menabe Antimena.

Mgeni hufika kwa barabara ya vumbi kutoka Morondava, akipita kwanza kwenye safu mashuhuri ya mibuyu ya aina ya Adansonia grandidieri. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea aina moja tu ya mbuyu, afahamu kwamba Madagaska ina aina sita zisizoota kiasili kwingine kokote. Msituni matembezi hufanywa pamoja na mwongozaji mwenyeji, mchana na tena usiku kwa tochi, kwa kuwa wanyama wengi wa Kirindy hutoka gizani.

Wakati wa kwenda unategemea kinachotafutwa. Katika kilele cha kiangazi, msitu unapoonekana kana kwamba umekufa, matawi yaliyo wazi humwezesha mgeni kuwaona sifaka, ambao ni lemuri weupe warukao kutoka shina hadi shina, pamoja na lemuri wenye paji jekundu. Hata hivyo, majira hayohayo humnyima mgeni nafasi ya kumwona lemuri mdogo mwenye mkia mnene, Cheirogaleus medius, ambaye huhifadhi mafuta mkiani wakati wa mvua, kisha hujificha ndani ya shimo la mti na kulala bwete kwa muda unaoweza kufikia miezi saba, huku joto la mwili wake likipanda na kushuka kwa kufuata joto la shimo. Wanaotaka kumwona fosa, mamalia mla nyama mkubwa kuliko wote wa asili kisiwani, husubiri majira ya kujamiiana, karibu Oktoba na Novemba, ambapo jike hukaa juu ya mti na madume hukusanyika chini yake wakigombea nafasi ya kumpanda. Miti hiyo hutumiwa tena mwaka baada ya mwaka.

Thamani kubwa zaidi ya Kirindy, hata hivyo, imo katika viumbe wadogo wasioishi nje ya Menabe. Panya mrukaji mkubwa, Hypogeomys antimena, huishi shimoni wawili wawili, dume na jike wasioachana. Microcebus berthae, lemuri wa gramu 30 hivi aliyetambulishwa kisayansi mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa Kimalagasi Berthe Rakotosamimanana, ndiye mdogo kuliko wote katika oda ya primati, kundi linalowajumuisha lemuri, kima na binadamu.

Wote hao hutishiwa na moto unaowashwa kiangazi kufungua mashamba ya mahindi na karanga, kazi ambayo wengi wa wanaoifanya ni wahamiaji waliokimbia ukame na umaskini kusini mwa kisiwa, kwa hiyo kuwalaumu wao peke yao hakutoshi. Shamba la namna hiyo huzaa vizuri kwa miaka michache tu, kisha huvamiwa na magugu na kuachwa, na mkulima husogea kwenye msitu mwingine.