Matanuru ya Tuskegee

Wasomaji wetu wengi waijua kazi ya kuchoma matofali: kukanda udongo, kufyatua, kuanika, kupanga tanuru, kisha kukesha na moto. Kwa hiyo twataka kuwasimulia habari za shule ya Tuskegee, katika Alabama, nchi ya Marekani.

Shule hiyo ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881, ina wanafunzi 30. Mkuu wake, Booker T. Washington, alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Kibanda walichosomea kilivuja hata mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli wakati wa mvua. Baadaye wakapata shamba kuukuu la ekari 100. Mkuu akataka walifyeke. Wanafunzi hawakupenda, maana wengine walikwisha kuwa waalimu, nao waliona ya kuwa shoka si la mtu aliyesoma. Basi kila alasiri, masomo yakiisha, akatwaa shoka lake akatangulia mwituni. Walipoona haoni haya, wakamfuata.

Baadaye wakaanza kufyatua matofali ya kujengea, wala hawakuwa na fedha. Tanuru la kwanza, matofali kama 25,000, liliharibika. La pili likaharibika. La tatu likaanguka usiku, zikiwa zimesalia saa chache tu moto utimie. Waalimu wenziwe wakamsihi aache. Washington akaenda Montgomery, akaweka saa yake rehani kwa dola 15, wakapanga tanuru la nne. Hilo likaungua vema. Saa ile hakuikomboa kamwe. Twadhani kijana aliyefyatua matofali yale, akayaona yameharibika mara tatu, alijifunza jambo ambalo ubao na chaki haviwezi kumwonyesha.

Wazazi walinung'unika, wakisema waliwatuma watoto vitabuni. Hata mtaalamu mweusi W. E. B. Du Bois alimpinga Washington mwaka 1903, akidai elimu ya juu kwa watu wake. Alikuwa na haki, nasi twakubali: mkono uliozoea jembe hauharamishiwi kitabu. Tena, tumeona shule ambapo watoto hulima shamba la mwalimu, naye yu kivulini na fimbo yake. Hiyo siyo kazi ya Tuskegee.

Wazungu wa jirani, ambao wengine hawakuipenda shule, walikuja kununua matofali kwa sababu yalikuwa mazuri. Na vijana wengi waliofundishwa penye matanuru yale wakaenda kuifanya kazi hiyo katika miji ya kusini.