Kuokoa kwanza, kuumbiza baadaye

Mjini Kamina, Haut-Lomami, ambako reli ya kutoka Lubumbashi inagawanyika kuelekea Ilebo na Kalemie, Kiswahili hukopa Kifaransa bila aibu. Kitenzi "formater", yaani kuandaa diski upya, huvishwa kiambishi cha Kiswahili, kazi ikaendelea. Kamusi za kompyuta zinapendekeza badala yake "kuumbiza".

Ni neno zuri. Mzizi wake ni umba, ule wa Muumba na wa umbo. Tena linaukaribia mfumo wa kompyuta wa Linux kuliko neno la Kifaransa, maana amri ya huko ni mkfs: tengeneza mfumo wa mafaili. Fundi wa kompyuta huanza na amri ya lsblk, ambayo humwonyesha kila diski na ukubwa wake, asije akaumbiza diski isiyo yenyewe. Kisha huandika mkfs.ext4 /dev/sdb1, na sehemu hiyo ya diski hupata umbo jipya, mafaili ya zamani yasionekane tena.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye diski akisema "imekufa", huenda kilichoharibika ni jedwali la sehemu za diski tu, na picha zake za harusi bado zimo. Programu ya TestDisk huweza kulirudisha jedwali hilo. Diski yenyewe ikiwa inachakaa, programu ya ddrescue hunakili kwanza maeneo mazima, kisha hurudia yaliyo mabovu.

Kwa hiyo kuokoa na kuumbiza si kazi moja, ingawa dukani kwa fundi zote mbili huitwa "kutengeneza". Mteja anayetaka picha zake aseme waziwazi: okoa.